Mzazi Kwanza: Tiba ya Mazungumzo Inapohamia Kwenye Simu

Mzazi akimpigia mwanasaikolojia simu kwa mara ya kwanza, mara nyingi hajisemei mwenyewe. Anamsemea mtoto. Mtoto wa darasa la tano ameanza tena kukojoa kitandani. Binti wa kidato cha pili amenyamaza, hasemi na mtu. Mwalimu mkuu ameita wazazi kwa sababu kijana anapiga wenzake. Mzazi anataka mtoto azungumziwe. Mwanasaikolojia mzoefu husikiliza, huandika, kisha huuliza jambo linaloonekana kama la adabu tu: na wewe mama, unalala? Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Halali. Tangu duka lifungwe, au tangu baba wa watoto ahame, au tangu ajifungue mtoto wa mwisho, huamka saa tisa usiku na kukodolea macho dari hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi anamfokea mtoto kwa sababu ya soksi, mchana analia jikoni, jioni anajilaumu kwa yote mawili.

Huduma ya mwanasaikolojia kwa simu na intaneti imeenea Nairobi, Dar es Salaam na Kampala tangu mwaka 2020, wakati korona ilipofunga milango ya vyumba vya ushauri. Mabishano mengi yamekuwa juu ya teknolojia: video au sauti, programu ipi, bando kiasi gani. Naona tunabishania pembeni. Kwa watu wazima, na kwa wazazi kuliko wote, huduma hii ina thamani kubwa pale yanapopatikana mambo mawili: mtu aliyefunzwa na anayesimamiwa upande mmoja wa simu, na upande wa pili mlango unaofungika. La kwanza tunaweza kulijenga kwa kasi kuliko tunavyodhani. La pili ndilo gumu, na ndilo linalosahaulika.

Kwa nini nianze na mzazi, wakati wenye shida shuleni na mitaani ni watoto? Kwa sababu kumtibu mzazi mara nyingi ndiyo njia fupi ya kumfikia mtoto. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Atif Rahman katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio na shahada yoyote ya saikolojia, walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona, kuanzia ujauzito hadi baada ya kujifungua, na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Watoto walipofikisha miezi sita, akina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa 23 katika kila 100 kwenye kundi hilo, na 53 katika kila 100 kwenye kundi lililopata matembezi ya kawaida tu. Watoto wa kundi la kwanza waliugua kuhara mara chache zaidi, wengi wao walikamilisha chanjo, na wazazi wote wawili walisema wanacheza nao zaidi. Aliyetibiwa alikuwa mama.

Shida ni kwamba wa kumtibu mama huyo ni wachache. Atlasi ya afya ya akili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inaonyesha kuwa kanda ya Afrika ina wahudumu wa afya ya akili wasiofika wawili kwa kila watu 100,000, ilhali wastani wa dunia ni 13. Hesabu hiyo inajumlisha madaktari, wauguzi, wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii. Hao wachache nao wako mijini. Mzazi wa Tunduru au Lodwar anayetaka kumwona mwanasaikolojia hapangi kikao cha saa moja. Anapanga safari, nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumwachia watoto. Hata wa Mbagala au Kayole, aliye ndani ya jiji lenyewe, hupoteza nusu siku barabarani, na kwa anayeuza mboga au kuendesha bodaboda nusu siku ni chakula cha jioni.

Kuna pia aibu, ambayo ina historia yake hapa kwetu. Ushauri nasaha tulioujua wengi uliingia na ukimwi. Shirika la TASO lilianza Uganda mwaka 1987, likaonyesha kwamba watu wa kawaida waliofunzwa vizuri wanaweza kukaa na mgonjwa na familia yake na kuwasaidia kweli. Kazi ile ilistahili heshima inayopewa mpaka leo. Lakini iliacha kumbukumbu nyingine. Kwa miaka mingi chumba cha nasaha kilikuwa kile cha mwisho kwenye korido ya kituo cha afya, na aliyeonekana akiingia alijua mtaani watasema nini. Hospitali za akili nazo, Mathari ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910 na Mirembe ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927, majina yake yamegeuzwa kuwa matusi ya watoto uwanjani. Mtu mzima mwenye kazi na heshima zake anaogopa korido hiyo. Simu inamwepusha nayo.

Wala kusikilizana kwa simu si jambo jipya. Chad Varah, kasisi wa London, alianzisha huduma ya Samaritans mwaka 1953 akiwa na simu moja ya kanisani, kwa watu waliokuwa wakifikiria kujiua. Kilichobadilika ni kwamba simu ile sasa iko mfukoni mwa mama muuza samaki, na kwamba anayepiga anaweza kurudi kwa mtu yuleyule wiki hadi wiki, kwa utaratibu wa tiba badala ya faraja ya usiku mmoja.

Tuangalie kikao chenyewe, maana watu wengi hudhani ni maongezi tu.

Dakika za kwanza hazigusi tatizo. Mwanasaikolojia makini huuliza: uko wapi sasa hivi, mtaa gani, karibu na nini? Nani yuko ndani? Umevaa visikilizi vya masikioni? Laini ikikatika, nani ampigie mwenzake? Nipe namba ya mtu mmoja unayemwamini, nitakayempigia nikiona maisha yako yako hatarini. Maswali haya yanaweza kuonekana ya polisi, lakini ndiyo yanayochukua nafasi ya ukuta na mlango wa ofisi. Mtu akianguka ndani ya chumba cha ushauri, msaada uko pale pale. Akianguka upande wa pili wa simu, mwenye kumsaidia lazima awe anajua pa kumpeleka bodaboda. Halafu wanakubaliana neno la tahadhari. Mama akisema, kwa mfano, "basi dada, ule mchele nitakuja kuuchukua kesho," mwanasaikolojia anajua kuna mtu ameingia, naye anaitikia habari za mchele na kukata simu.

Hapo ndipo wanaingia kwenye kazi. Mama anasema siku zake zote zimeharibika. Wanachukua siku moja tu, Jumanne, na kuipitia saa kwa saa. Watoto wameondoka saa moja, amerudi kitandani mpaka saa tano, hakuoga, ameamka na kichwa kizito, saa kumi watoto wamerudi na nyumba haijafagiwa, mtoto wa kati amemwaga chai kwenye daftari, amempiga. Mwanasaikolojia hamkaripii. Anamrudisha nyuma polepole: kabla ya chai kumwagika, mwili wako ulikuwaje? Shingo ilikaza. Kabla ya hapo? Nilikuwa nasoma ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi. Kumbe kibao kile kilianzia kwenye simu, dakika ishirini kabla ya chai. Wanapata mahali pa kuingilia: ujumbe wa kodi usisomwe watoto wakiwa mezani, shingo ikikaza, atoke nje hadi kwenye kamba ya nguo na kuvuta pumzi taratibu, kisha arudi. Na Jumanne ijayo saa tatu, badala ya kurudi kitandani, atatembea hadi kwa shoga yake wa mtaa wa pili, hata kama hataki, kisha aandike kwenye daftari alijisikiaje kabla na baada, kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Na kila siku dakika kumi za kucheza na yule mtoto wa kati, mchezo auchague mtoto, simu ikiwa imezimwa.

Ukiyasikia haya kwa mbali unaweza kuyadharau. Dakika kumi na daftari, vitatibu nini? Lakini sonona humfungia mtu ndani, na kadiri anavyojifungia ndivyo inavyomzidi. Kutembea hadi kwa shoga kunakata mzunguko huo mahali mahususi, na namba za kwenye daftari zinamwonyesha kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba umekatika. Wiki ya pili wanarudi kwenye daftari. Kikao cha tano au cha sita mama anaanza kuuona mwenyewe mzunguko huo kabla haujamkaba.

Sauti tupu ina matatizo yake, na wanaofanya kazi hii wanayajua. Ndani ya chumba, kimya ni sehemu ya tiba: mtu ametamka jambo zito, mnakaa nalo. Kwenye simu kimya cha sekunde nne kinaleta "haloo? haloo? unanisikia?" na lile jambo zito limeponyoka. Mwanasaikolojia wa simu hujifunza kusema kwa sauti ya chini, "nipo, nakusikiliza, usiharakishe." Hanusi pombe. Haoni mikono ikitetemeka, wala alama shingoni, wala kwamba mteja amekonda. Kwa hiyo lazima aulize kwa maneno yale ambayo macho yangemwambia bure: umekula nini leo, umekunywa, nguo zinakukaa vilevile?

Lakini kutoonana nako kuna faida, na katika utamaduni wetu faida hiyo ni kubwa. Chukua mzee wa miaka sitini mbele ya mshauri wa miaka ishirini na minane. Kijana ataanza na shikamoo, mzee ataitikia marahaba, na baada ya salamu hiyo mzee atawezaje kumweleza mtu wa umri wa mwanawe kwamba hawezi tena tendo la ndoa na anafikiria kufa? Uso kwa uso inachukua vikao vingi. Kwenye simu, usiku, mzee anaanza na "mwanangu, nisikilize" na anasema. Wanaume kwa jumla huukwepa ukumbi wa kusubiri. Lakini mwanaume aliyeegesha gari pembeni ya barabara, vioo vimefungwa, anazungumza. Jijini Nairobi gari limekuwa chumba cha ushauri cha wanaume wengi, na wenye kazi hii wamezoea kusikia honi za matatu katikati ya machozi.

Je, inatibu kweli? Ushahidi bora hautoki kwetu, ila ni imara. Mwaka 2012 David Mohr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya watu wazima 325 wenye sonona mjini Chicago. Nusu walipata tiba ya fikra na tabia kwa simu, nusu uso kwa uso, vikao 18 kila upande. Wa simu waliokatisha tiba njiani walikuwa kama 21 katika kila 100; wa uso kwa uso walikuwa kama 33. Mwisho wa tiba makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Miezi sita baadaye, waliokuwa wakionana ana kwa ana walikuwa wazima kidogo zaidi. Matokeo hayo yanasema mambo mawili na yote yabebwe pamoja: simu humshikilia mtu kwenye tiba ambayo angeikimbia, na kuonana ana kwa ana kunaacha kitu kinachodumu zaidi. Anayeweza kupata vyote, achanganye. Kikao cha kwanza na cha mwisho waonane, katikati iwe simu.

Jambo jingine limeonekana tena na tena katika tafiti za tiba kwa intaneti, hasa Sweden ambako zimefanyika nyingi: masomo ya kwenye skrini yenye mtu wa kumfuatilia mteja hufanya kazi vizuri zaidi kuliko yaleyale yasiyo na mtu. Wenye kuamini kwamba mashine ya kuzungumza itaziba pengo letu lote wakumbuke hilo. Joseph Weizenbaum wa MIT alitengeneza mwaka 1966 programu iliyoitwa ELIZA, iliyorudisha maneno ya mtu kwa namna ya maswali, na alishtuka kuona watu wanaifungulia moyo. Watu watafungulia moyo chochote kinachoitikia. Mashine za leo huitikia kwa ufasaha mkubwa zaidi, na kwa mtu asiye na wa kumsikiliza saa nane usiku hilo si dogo. Ila mashine haina wa kuiwajibisha, na haijui mtaa anaokaa mama yule wala namba ya dada yake.

Sasa mlango. Nyumba nyingi za kupanga za Uswahilini zina vyumba sita au vinane vinavyotazamana, kuta hazifiki juu ya kenchi, na pazia ndilo mlango wa mchana. Mpangaji akikohoa, wa chumba cha tatu anampa pole. Katika chumba kimoja cha Mathare au Manzese wanalala baba, mama na watoto wanne. Ni wapi mama atasema kwamba kuna siku alimwangalia mtoto wake mchanga na hakuhisi chochote? Watu wanatafuta: chooni, shambani, ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada, nyuma ya kibanda cha biashara. Simu yenyewe mara nyingi ni ya wote; mume anajua namba ya siri, watoto wanachezea michezo, na ujumbe wa mwanasaikolojia unatokea juu ya skrini mbele ya mama mkwe. Kwa mwanamke anayepigwa na mumewe jambo hili si la usumbufu tu. Ujumbe mmoja unaweza kumponza. Wanaotoa huduma hii bila kuulizia usalama wa simu wanamhatarisha mtu waliyeahidi kumsaidia.

Pendekezo langu hapa ni la kawaida sana. Kila zahanati na kituo cha afya kitenge chumba kimoja chenye mlango wa kufunga, kiti, na simu au kishikwambi cha kituo. Mama anakuja kliniki ya mtoto, siku hiyohiyo anaingia chumba kile kama anayekwenda kupima presha, na upande wa pili wa laini yuko mwanasaikolojia wa Dodoma au Eldoret. Hakuna anayejua. Simu si yake, kwa hiyo hakuna wa kuipekua. Mtandao unaleta mtaalamu. Zahanati inaleta faragha. Tiba mtandao ya picha za mionzi na moyo tayari inafanyika kati ya hospitali kubwa na za mikoani. Kwa mazungumzo gharama ni ndogo kuliko hiyo.

Kuna wazazi ambao hata chumba hicho hakiwafikii, nao ni wale walio Ghuba. Mama wa Mombasa, Tanga au Mbale anayefanya kazi za ndani Riyadh analea kwa simu. Saa za Riyadh na Nairobi ni zilezile, Muscat imetangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo saa nne usiku, kazi zikiisha, anaweza kumpigia mtoto anayelelewa na bibi. Mtoto hataki kuja kwenye simu. Au anakuja na kumwita bibi "mama" mbele yake. Maumivu hayo hayana jina hospitalini, na kwa Kiarabu cha jikoni hawezi kuyaeleza. Mtu wa kumsikiliza kwa Kiswahili, kwa simu, kwa saa zilezile za kwao, ni msaada ambao hakuna zahanati ya ugenini inayoweza kuutoa. Mwajiri akishika simu yake, msaada huo unakatika. Ndiyo maana wanaowaandaa wafanyakazi hawa kabla ya safari wangewapa kikao kimoja au viwili na mshauri wakiwa bado nyumbani, pamoja na bibi atakayebaki na watoto, ili kuwe na sauti wanayoijua watakapoihitaji. Bibi naye ni mzazi katika hesabu hii, na ndiye anayesahaulika.

Siri za mtu zinapohamia kwenye kompyuta, wezi nao huhamia huko. Finland ilijifunza kwa uchungu mwaka 2020. Kituo kikubwa cha tiba ya mazungumzo kilichoitwa Vastaamo kilikuwa kimeibiwa kumbukumbu za wagonjwa, na mwizi akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai euro 200 kwa sarafu ya bitcoin la sivyo angeanika walichosema vikaoni. Waliohusika walikuwa kama 33,000. Marekani, mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliiamuru kampuni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa sababu ilipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook na makampuni mengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi kwamba zingebaki siri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Lakini sheria haimfikii mshauri anayehifadhi sauti za vikao kwenye simu yake mwenyewe na kuwaachia wanawe simu hiyo wachezee.

Siri nayo ina mpaka, na mzazi aambiwe mpaka huo mwanzoni kabisa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Baba akieleza kwamba kaka yake anamchezea binti yake, mwanasaikolojia hawezi kulifunika hilo kwa jina la siri. Mzazi aliyeambiwa hivyo siku ya kwanza anaamua mwenyewe la kusema. Aliyefichwa ataona amesalitiwa, na hatapiga tena.

Halafu, nani huyu anayejiita mwanasaikolojia? Kenya ilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, yenye bodi ya kusajili na kuadhibu. Pamoja na hayo mitandaoni wamejaa makocha wa maisha, wenye wafuasi wengi na mafunzo ya wikendi mbili, wanaouza vifurushi vya "kuponya kiwewe". Wengine wana nia njema. Nia njema haimtambui mama mwenye ugonjwa wa akili wa baada ya kujifungua, anayesikia sauti zikimwambia mtoto si wake. Huyo anahitaji hospitali leo, na kumpangia kikao cha Alhamisi ni hatari kwake na kwa mtoto. Wala haimtambui anayetaka kuacha pombe kali ghafla nyumbani, ambaye anaweza kupata degedege na kufa. Wala haiulizii tezi ya shingo au upungufu wa damu, ambao huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na sonona. Mwanasaikolojia aliyefunzwa anajua pale simu inapoishia.

Waliosajiliwa hawatoshi na hawatatosha kwa miaka mingi. Lakini njia ipo, na imejaribiwa Afrika. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu kuchambua shida zao moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa katika JAMA mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nairobi kwenyewe, utafiti uliochapishwa katika PLOS Medicine mwaka 2017 uliwafuata wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii waliwapa baadhi yao vikao vitano vya mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofundisha kutuliza mwili, kutatua matatizo, kurudi kwenye shughuli na kutafuta watu wa kuegemea, na msongo wao ulipungua.

Kenya ilizindua mwaka 2023 jeshi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hapa ndipo ningepeleka fedha na mtandao kwanza. Mwanasaikolojia mmoja akihudumia wateja kwa video ataona watu sita kwa siku, wengi wao wenye uwezo wa kulipa. Mwanasaikolojia huyohuyo akiwa na kikao cha simu kila wiki na wahudumu kumi, akisikiliza kesi zao, akisahihisha, akiwaambia yupi apelekwe hospitali na yupi waendelee naye, anafika nyumba ambazo hatazikanyaga maishani. Usimamizi huo ndio uliofanya bibi wa Harare wasichoke na wasipotoshe watu. Bila huo, wahudumu wetu watabeba misiba ya mtaa mzima peke yao, nao wataugua.

Liko jambo moja linalotia hofu kila kikao, hata kile kilichoandaliwa vizuri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ingali inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nayo ilikuwa hivyo hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba. Mwanasaikolojia lazima aulize, waziwazi na kwa maneno hayahaya: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kunampa ruhusa ya kulitoa. Lakini mteja anayehofia kwamba jibu la ndiyo laweza kumfikisha polisi atasema hapana, na kwenye simu hakuna uso wa kusomwa. Bunge la Tanzania likilifuta kosa hilo, litakuwa limeisaidia huduma hii kuliko mnara wowote wa mtandao.

Kwa mzazi anayetaka kuanza kabla Bunge halijafika huko, maswali ya kumuuliza mwanasaikolojia kwenye simu ya kwanza ni machache. Umesajiliwa wapi, na namba yako ni ipi? Nani anakusimamia? Unarekodi, na unahifadhi wapi? Ni mambo gani nikikwambia utalazimika kuyatoa nje? Nikikupigia saa nane usiku kwamba siwezi kufika asubuhi, utafanya nini, na usipopatikana nimpigie nani? Aliye tayari kwa kazi hii ana majibu ya yote matano kabla hujamaliza kuuliza, na la mwisho atakutumia kwa maandishi.